Umeme ukikatika, logi za seva zinapotea. Nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) huku Masasi. Tuna seva ndogo ya Linux ofisini, ndiyo inayotunza rekodi za mizani wakulima wanapoleta korosho. Juzi mlinzi alisema umeme ulikatika kama saa nane usiku. Asubuhi seva ilikuwa imewaka lakini programu yetu haifanyi kazi. Nimefungua logi (kumbukumbu za matukio ya seva) nikatafuta 08:00, hamna kitu. Za siku za nyuma nazo hazipo kabisa. Nianzie wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kwanza hilo la saa. Saa nane usiku kwenye kompyuta ni 02:00. Ile 08:00 uliyotafuta ni saa mbili asubuhi, tena mmeshafungua ofisi. Kisha andika timedatectl uone seva inafuata saa za wapi. Ikionyesha UTC (saa za kimataifa), iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo tukio lako lingeandikwa 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Rekebisha hivi:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Sasa logi zenyewe. Andika journalctl --list-boots. Ukiona mstari mmoja tu, ujue mfumo unaziweka kwenye RAM, chini ya /run/log/journal, na seva ikizimika zimekwenda. Za juzi zisahau. Za kesho utaziokoa kwa kutengeneza folda /etc/systemd/journald.conf.d, na ndani yake faili liitwe 99-logi.conf lenye mistari hii:

[Journal]
Storage=persistent
SystemMaxUse=300M
SyncIntervalSec=30s

Halafu: sudo systemctl restart systemd-journald, ufuatishe sudo journalctl --flush.

Mstari wa SyncIntervalSec wengi huuruka, na kwa umeme wetu ndio ninaoupenda kuliko yote. Bila kuuweka, ujumbe wa kawaida unaweza kukaa hadi dakika 5 kabla ya kushindiliwa kwenye diski, na dakika hizo ndizo unazozihitaji umeme ukikata ghafla. Ule wa 300M unazuia logi zisijaze diski.

Likitokea tena, soma mwisho wa logi za kabla seva haijazimika:

journalctl -b -1 -e

Mistari ikikatikia njiani, hakuna huduma hata moja iliyoaga kwamba inajifunga, basi yaelekea ni umeme. Programu yenyewe ifuate kwa jina la huduma yake; tuseme ni mizani:

journalctl -u mizani --since 01:45 --until 02:15

Ukikuta "No space left on device", diski imejaa. Ukikuta "Out of memory" kwenye journalctl -k, RAM imezidiwa, na programu imeuawa na mfumo wenyewe. Umeme utakuwa umesingiziwa.

Kama programu inaandika logi kwenye faili lake pembeni, hapo mipangilio ya journald (huduma ya mfumo inayotunza logi) haihusiki. Tumia logrotate, programu inayozungusha faili za logi na kufuta za zamani. Na kiwango cha debug (kinachoandika kila jambo dogo) kiwashe wakati wa kutafuta tatizo tu, ukimaliza urudishe info (kiwango cha kawaida), la sivyo msimu wa korosho ukichanganya utasoma takataka.

Ukikwama, nitumie dakika kumi za kabla ya tukio na kumi za baada yake, usinitumie faili zima. Ila futa kwanza majina, namba za simu na akaunti za benki za wakulima, na usizirushe kwenye grupu la WhatsApp. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hao ni wanachama wenu.