Nyumba ya mawe Mkomani, Lamu: tuongeze ghorofa kwa zege au kwa boriti?

SWALI: As-salaam alaykum. Mimi na ndugu zangu wawili tumerithi nyumba ya marehemu babu yetu, mtaa wa Mkomani, Lamu. Ni nyumba ya mawe, ya chini na juu, ina kiwanda (ua wa katikati ulio wazi juu), misana miwili (vyumba virefu vinavyofuatana baada ya kiwanda) na ndani, yaani chumba cha nyuma, yenye zidaka (vishubaka vya ukutani vyenye nakshi). Dari ya juu inavuja na boriti kadhaa (miti ya mkoko inayobeba dari) zimeoza vichwa. Tunataka kuongeza ghorofa moja yenye vyumba vitatu vya wageni, kila kimoja na bafu lake, na kufunika kiwanda kwa mabati ya plastiki kiwe sebule. Fundi tuliyemtoa Mombasa anashauri tubomoe dari zote za boriti tumwage slabu ya zege, tuwe tumemalizana na boriti. Jirani naye anatuonya kwamba watu wa Makumbusho ya Taifa hawaruhusu kuguswa hata jiwe. Tumsikilize nani? – Dada wa Kisauni

JIBU: Wa alaykum salaam, dada, na poleni kwa msiba. Msimsikilize yeyote kati yao, ingawa kosa la fundi litawagharimu zaidi ya kosa la jirani.

Nianze na jirani. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali mwaka 1986 kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2001 ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Leo unalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Hayo yote hayamzuii mwenye nyumba kujenga. Yanamtaka aombe kwanza. Na ukitazama nyumba hizi kwa makini utaona karibu zote zilijengwa kwa awamu. Binti akiolewa, wazazi walimpa makao yake, na mara nyingi makao hayo yalikuwa ghorofa mpya juu ya nyumba ileile. Nafasi ikiwa finyu, waliruka njia kwa wikio, yaani chumba kama daraja juu ya njia, na kuunganisha nyumba mbili za jamaa moja. Kwa hiyo ghorofa ya juu si jambo geni Mkomani, na ombi lenu linasikilizika.

Mlango wa kwanza wa kubisha ni ofisi ya hifadhi ya mji wa kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Nendeni na picha za nyumba, ndani na nje, kabla hamjamlipa mtu achore ramani. Ulizeni kimo kinachokubalika kwa mtaa wenu na kama nyumba yenu ina kumbukumbu pale. Baadaye ndipo mnakwenda kaunti kwa kibali cha ujenzi, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Na kwa kuwa mmerithi watatu, malizeni mambo ya mirathi na kubalianeni kwa maandishi. Nimeona kazi zikisimama nusu ukuta kwa sababu ndugu mmoja aliye mbali hakuulizwa.

Sasa nyumba yenyewe. Kipimo chake ni boriti. Mti wa mkoko haubebi dari nzito kwa upana unaofika mita tatu, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu, vimepangwa sambamba: kiwanda, msana wa tini (wa chini), msana wa juu, kisha ndani. Kila ukuta kati ya vyumba hivyo, wenye unene wa nusu mita hivi, umebeba vichwa vya boriti za pande zake mbili. Hakuna ukuta wa bure. Ghorofa mpya lazima ifuate mistari hiyohiyo, ukuta juu ya ukuta. Mchoraji akiwaletea ramani yenye ukuta mpya wa mawe unaoelea katikati ya boriti, irudisheni.

Ukifuata kanuni hiyo, vyumba vitatu haviingii vizuri. Ningejenga viwili, juu ya safu mbili za nyuma, na kuiacha safu ya mbele ibaki wazi kama baraza la juu lenye kivuli cha makuti. Mnapoteza chumba kimoja cha kupangisha, lakini kiwanda kinabaki na jua lake na jirani anabaki na sitara yake. Hili la sitara msilichukulie kijuujuu. Dirisha jipya linalochungulia kiwanda cha watu litawaletea kesi kabla ya mgeni wa kwanza. Na kama mnashiriki ukuta naye, boriti zake huenda zimelala kwenye ukuta huohuo, basi yeye pia ana neno.

Nirudi kwa fundi na slabu yake. Watetezi wengi wa hifadhi husema zege ni zito mno kwa kuta hizi. Hoja hiyo siitumii, kwa sababu fundi anayejua hesabu ataivunja. Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa mita mraba, na dari ya kale yenye mawe na chokaa iliyopondwa kwa unene wa sentimita 25 inaweza kufika hapo au kupita. Ubaya wa slabu uko kwingine. Kwanza, ni kipande kimoja kigumu. Jua likiipiga hutanuka na kuusukuma ukuta, na ukuta huu wa mawe ya matumbawe uliofungwa kwa chokaa hubeba mzigo wa kushuka lakini hauwezi kuvutwa wala kusukumwa ubavuni. Nyufa za pembeni chini ya slabu hutokea hapo. Pili, Lamu ni chumvi tupu, kuanzia hewani hadi kwenye mchanga. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo huota kutu, kutu hufura, na zege hupasuka kutoka ndani. Boriti iliyooza unaibadilisha peke yake, lakini slabu iliyooza inang'olewa yote. Tatu, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi, slabu humtia fundi tamaa ya kutoa ukuta wa kati ili apate ukumbi mpana. Mzigo uliokuwa umeenea kwenye ukuta mzima unakusanywa kwenye nguzo mbili, juu ya msingi ambao haukujengwa kwa ajili hiyo.

Kuhusu uvujaji, kabla ya kulaumu boriti, chimbeni shimo dogo kwenye sakafu ya juu mwone kuna nini. Nyumba nyingi zimepakwa tabaka la saruji kila baada ya mvua, moja juu ya jingine. Sentimita tano za saruji ni kilo 100 hivi kwa kila mita mraba, mzigo ambao babu wa babu yenu hakuuhesabu. Halafu saruji inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, na hayawezi kutoka tena kwa sababu juu pamezibwa. Yanatafuta njia ya pembeni hadi kwenye vichwa vya boriti ndani ya ukuta. Ndivyo zilivyooza zenu, naweza kuweka dau. Angalieni pia mifereji inayotoa maji kwenye dari. Ikiziba kwa majani na vinyesi vya kunguru, dari hugeuka birika.

Ukarabati ni hivi: egemezeni dari kwa nguzo za muda, badilisheni boriti moja moja, na kichwa cha boriti mpya kilale kwenye chokaa, kisizibwe kwa saruji. Juu yarudishwe mawe na chokaa iliyopondwa hadi igande. Kwa lipu tumieni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga uliooshwa, na chokaa iwe imelowekwa kwenye shimo wiki kadhaa. Ikizidi kukaa ndiyo bora. Lipu ya saruji iliyopo chini ya kuta za nyumba itolewe. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhi na kuutema hewani, na ukiuzuia chini utapanda juu, mpaka kwenye zidaka, na nakshi za plasta zitaanza kumomonyoka kama unga. Zidaka zikishaharibika hazina spea. Ninyi wenye mpango wa kupangisha, kumbukeni mgeni huja Lamu kwa ajili ya zidaka hizo, si kwa ajili ya vigae vya bafuni.

Mabafu yakae juu ya choo cha zamani, moja juu ya jingine, ili mabomba yashuke mstari mmoja, nje ya ukuta, mahali yanapoonekana yakivuja. Msichimbe mfereji wa bomba ndani ya ukuta wa matumbawe. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, basi lisikae katikati ya boriti. Likae pale kuta mbili zinapokutana, au bora zaidi liwe chini na pampu ndogo. Ulizeni pia shimo la maji machafu liko wapi na kisima kilicho karibu kiko umbali gani, maana vyumba viwili vya wageni vitaongeza maji mengi.

Kiwanda msikifunike. Nyumba hizi hazina madirisha ya maana upande wa njia, na hewa na mwanga wa misana yote vinaingia hapo. Mabati ya plastiki yatakipika kama tanuri, kisha mtaanza kununua viyoyozi. Mkitaka kivuli, tandikeni turubai la kukunjwa.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Kama mlango wa mbele una nakshi, msiung'oe wala kuuhamisha, hata kwa nia ya kuutengeneza, kabla ya kuzungumza na Makumbusho. Sheria ya 2006 inalinda milango na fremu zilizonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946. Wanunuzi hawatakosekana wakisikia nyumba inakarabatiwa.

Kwa sasa, masika yakikaribia, fungueni mifereji ya dari, zibeni nyufa kwa chokaa na wekeni nguzo chini ya boriti zilizooza. Hayo yanaweza kuanza mapema, mkiijulisha ofisi ya hifadhi. Naye fundi wa Mombasa mwombeni awaonyeshe dari moja ya boriti na chokaa aliyoijenga mwenyewe na ikapitisha masika mawili bila kuvuja. Kama hana, mlipeni nauli yake mtafute fundi hapohapo Lamu.