Bisibisi Weka Chini Kwanza: Maneno kwa Wanaoanza Cherehani

Kuna sauti ambayo fundi anaitambua hata akiwa amempa mgongo mwanafunzi: tik-tik-tik, kisha krrr, halafu kimya. Ukigeuka unakuta picha ileile. Kitambaa kimeng'ang'ania kwenye bamba, kile kibati cha chini ya sindano, na chini yake kuna kichaka cha uzi, na mgeni wetu tayari ameshika bisibisi. Hajaangalia uzi umepita wapi. Hajaangalia sindano. Bisibisi, basi!

Haya tumeyasema kwa mdomo hadi koo limekauka, kwa hiyo leo yaandikwe. Bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) mnaijua, keisi (kikombe chake) mnaijua, kutunga uzi mnajua au mnadhani mnajua. Sianzi na alifu na be.

1. Uzi ukijazana chini, kosa liko juu.

Hapa tutakaa, maana hapa ndipo cherehani nzima hugeuzwa mbovu na watu wenye nia njema kabisa.

Mtu akiona vurugu chini anamtafuta mkosaji chini. Inaeleweka, ila tazama mshono unavyofungwa. Sindano inashuka na uzi wa juu. Inapoanza tu kupanda, uzi unabaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi ubavuni mwa sindano. Ncha ya shato (ile ndoano inayozunguka chini ya bamba) inakidaka kitanzi hicho, inakipanua na kukizungusha keisi yote pamoja na bobini iliyomo. Kisha mkono wa kuvuta uzi unapanda na kukirudisha juu, nyuzi mbili zinafungana katikati ya unene wa kitambaa. (Ndiyo maana tundu la sindano ya cherehani liko karibu na ncha. Sindano ya namna hiyo pamoja na shato ndivyo vilivyokuwa moyo wa mashine ambayo Elias Howe aliipatia hati miliki Marekani mwaka 1846, na hadi leo kanuni ni hiyohiyo.)

Sasa pima kwa macho: kitanzi kinachoweza kuizunguka keisi nzima si kidogo. Uzi huo wote unateremka chini na lazima urudi, mshono kwa mshono. Kinachoulazimisha urudi ni vile visahani viwili vya tensheni, yaani mkazo wa uzi, vinavyoubana uzi wa juu. Uzi usipokuwa katikati ya visahani, mkono unapopanda unajivutia uzi mpya kutoka kwenye rola ya uzi, kwa kuwa huko ndiko kwepesi, na kitanzi kinaachwa chini. Cha pili kinamfuata mwenzake, na cha tatu. Mishono kumi baadaye una kiota cha ndege.

Na kwa nini uzi haumo kwenye visahani? Kwa sababu ulitunga mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, ukiwa chini. Karibu kila cherehani imeundwa hivi: mguu ukiwa chini visahani vimebanana, ukiinuliwa vinaachana. Ukitunga mguu ukiwa chini, uzi unateleza juu ya midomo ya visahani na kukudanganya kuwa umeingia. Inua mguu, tunga upya kuanzia kwenye rola, hakikisha umepita kwenye mkono wa kuvuta uzi, kisha jaribu hivi: mguu ukiwa juu, vuta uzi, uje laini. Teremsha mguu, vuta tena, uhisi umekamatwa hadi sindano inataka kupinda. Kama hakuna tofauti kati ya mivuto hiyo miwili, uzi haujaingia. Ni sekunde tano tu.

Anayezikwepa sekunde hizo tano mwenendo wake tunaujua, na tusijifanye malaika, mafundi wote tumepita njia hiyo. Anaanza kwa kukaza skrubu ya keisi nusu mzunguko. Anashona: kiota. Anakaza tena. Kiota hakijaondoka, ila sasa uzi wa chini unavutika kwa shida. Anahamia juu, anapeleka tensheni mpaka 9. Haisaidii, kwani visahani vinabana hewa. Katika purukushani uzi unakatika, anautunga upya, na safari hii kwa bahati mguu ulikuwa juu. Kosa la kwanza limejitibu lenyewe bila yeye kujua! Lakini sasa uzi umeingia kwenye visahani vilivyokazwa hadi mwisho, na chini nako kumekazwa. Kitambaa kinajikunja marinda ambayo mteja hakuyaagiza, uzi unakatika kila baada ya sentimita chache. Alianza na kosa moja, ana matatu. Basi anaamua kuilegeza ile skrubu ya keisi, anaizungusha, anaizungusha, na kwa kuwa ni fupi kuliko punje ya mchele, inatoka, inadunda mezani mara moja na kutokomea. Kibati cha springi kilichokuwa chini yake kinaifuata. Mtu mzima anapiga magoti sakafuni na tochi ya simu, na jioni hiyo tunaambiwa cherehani ni mbovu.

Ukishafika huko, njia ya kurudi ni hii. Weka bobini kwenye keisi, shika ncha ya uzi, iache keisi ining'inie. Itulie. Tikisa mkono kidogo: ishuke sentimita chache na kusimama. Ikiporomoka yenyewe, kaza. Isiposogea hata ukitikisa, legeza. Zungusha kwa hatua ndogo, kama mshale wa saa unavyotoka 12 kwenda 1, na kabla ya kugusa chora alama ya kalamu mahali ufa wa skrubu ulipoelekea. Rudisha tensheni ya juu kwenye 4. Weka uzi wa rangi moja juu na rangi nyingine chini, shona kipande cha kitambaa kilekile mikunjo miwili. Rangi ya chini ikichungulia juu, juu kumebana mno. Rangi ya juu ikionekana chini, juu kumelegea. Rekebisha juu kwanza. Keisi iguswe mwisho kabisa, tena mara chache sana.

2. Sindano ni ya kubadilishwa, si ya kurithishwa.

Kama cherehani inaruka mishono, badilisha sindano kabla hujafikiri jambo lingine. Saa nane hivi za kushona zinaimaliza, na kwa vitambaa vizito ni pungufu ya hapo. Ilaze upande wake bapa juu ya kioo: nafasi kati ya sindano na kioo iwe sawa kuanzia shina hadi karibu na ncha. Ikiwa imepinda, itupe. Usiinyooshe kwa koleo, na hao wanaoinyoosha kwa meno sisemi nao.

Shina likiwa bapa upande mmoja (HAx1, au 130/705H) ni sindano ya cherehani ya nyumbani. Shina la mviringo (DBx1) ni la mashine za kiwandani za mshono wa moja kwa moja. Usilazimishe moja kwenye makazi ya nyingine. Isukume juu mpaka igote, ndipo ukaze. Kuhusu upande: mfereji mrefu wa sindano utazame kule uzi unakotokea, na kile kibonde kifupi juu ya tundu kitazame ncha ya shato. Ukikumbuka hilo hutauliza tena "bapa ikae wapi", kwani cherehani hazifanani.

Namba: 70/10 kwa shifoni na hariri, 80/12 kwa pamba nyepesi, 90/14 kwa kazi nyingi za kawaida, 100/16 kwa jinzi, 110/18 kwa turubai. Hiyo 90 maana yake ni unene wa milimita 0.9. Vitambaa vya kunyumbuka vinataka sindano ya ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Mkishona fulana kwa sindano kali na mishono ikaruka, msiisingizie mashine.

3. Bobini: jaza sawasawa, usifurike ukingo, na usichanganye aina hata kama "inaingia". Kwenye keisi ya kusimama, ukivuta uzi huku bobini inakutazama, izunguke kufuata mshale wa saa. Keisi ikikaa ilie kacha. Isipolia, haijakaa.

4. Meno ndiyo yanayovuta kitambaa, wewe unaelekeza tu. Ukivuta kwa nyuma, sindano inapinda, inagonga bamba, inakatika. Huo ndio mwisho mwema. Mwisho mbaya ni sindano kupona lakini tundu la bamba likabaki na kijino cha chuma. Kuanzia hapo uzi unakatika kila siku na hakuna anayejua kwa nini. Pitisha ukucha kuzunguka tundu: ukikwama, umempata mwizi. Fungua bamba, sugua pale tu kwa msasa laini kabisa, futa. Angalia na ncha ya shato vivyo hivyo.

Kitambaa kisiposogea kabisa, kuna mambo matatu kabla ya kupiga kelele: urefu wa mshono uko sifuri, au meno yameteremshwa na aliyekuwa akidarizi jana, au kati ya meno kumejaa vumbi la nyuzi lililoshindiliwa mpaka limekuwa kama zulia.

5. Gurudumu huzungushwa kuja kwako. Kwenye cherehani ya miguu, lianzishe kwa mkono ndipo ukanyage, la sivyo pedali itakurudisha nyuma na uzi utajikunja kwenye shato. Na kuna kile kitufe kikubwa katikati ya gurudumu, kinacholegezwa wakati wa kujaza bobini. Kila mwezi kuna mtu anayetangaza kwamba cherehani "imekufa, gurudumu linazunguka sindano haishuki". Alisahau kukikaza. Akiwa mdadisi zaidi alikifungua kabisa, akatoa washa (kipete cha chuma) yenye vijino vitatu, akairudisha kinyume, na sasa ama haikazi ama hailegei. Itoe, igeuze nusu mzunguko, rudisha.

6. Mafuta ni ya cherehani, yale meupe mepesi. Ya kupikia yanakauka yakawa gundi, ya injini ni mazito. Tone moja kila tundu na tone moja kwenye njia ya shato, baada ya kusafisha kwa brashi, si kabla. Kisha shona kitambaa cha ovyo mpaka kisionyeshe doa. Mashine iliyokwisha kuganda kwa mafuta ya jikoni ipewe mafuta ya taa kwenye viungio, mbali na moto, izungushwe kwa mkono mpaka ilegee, ifutwe, ndipo iwekwe mafuta yake.

7. Sindano ni mpya, uzi umetungwa vizuri, na bado inaruka? Hapo ndipo tunazungumzia taimingi, yaani sindano na shato kukutana kwa wakati. Zungusha taratibu: sindano ifike chini kabisa, ipande milimita 2 na nusu hivi, na wakati huohuo ncha ya shato iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu, karibu kabisa ila bila kuigusa. Isipokutana hapo, mwite aliyewahi kuirekebisha, ukae umtazame mikono.

8. Kujifunza kushona kwenyewe.

Toa uzi, weka sindano iliyochakaa, shona karatasi yenye mistari. Matundu yatakuonyesha mkono wako ulivyo mlevi. Mistari ikinyooka, nenda kwenye mikunjo ya duara, halafu pembe: sindano ibaki chini ndani ya karatasi, inua mguu, geuza, teremsha mguu, endelea. Baada ya hapo chukua pamba isiyonyumbuka. Satini ya harusi ya dada yako isubiri.

Pima sentimita 1.5 kutoka kwenye sindano, bandika utepe juu ya bamba, macho yafuate ukingo wa kitambaa kwenye utepe. Kila mgeni hutazama sindano, na kila mshono wa mgeni hutembea kama nyoka. Sindano haihitaji kuangaliwa, inajua kwenda juu na chini.

Nyuzi zote mbili ziachwe sentimita 10, zipite chini ya mguu kwenda nyuma, na uzishike kwa mishono mitatu ya kwanza. Kitambaa chepesi usikianzie ukingoni kabisa, bamba litakimeza. Anza ndani kidogo, rudi nyuma mishono mitatu au minne, ndipo uende mbele, au weka karatasi nyembamba chini yake na uichane baadaye. Urefu wa mshono 2.5 kwa kazi ya kawaida, 3 hadi 4 kwa jinzi, 4 au 5 kwa mshono wa muda utakaofumuliwa.

Pasi iwe moto kabla hujakaa kwenye kiti. Piga mshono ukiwa umefungwa kama ulivyoshonwa, kisha ufungue uupige tena. Nusu ya makosa mnayoyaita ya tensheni ni mshono ambao haujapigwa pasi.

Kifumulio kaeni nacho mfukoni, mtakihitaji kila siku na si aibu. Na aliyedondosha skrubu ya keisi jana alasiri: ipitishe sumaku chini ya meza ya tatu, kando ya miguu ya meza ya pasi, ndiko nyingi hukimbilia.