VAR Sokoine isingemaliza ubishi wote
Kaka, unasema VAR, yaani mfumo wa video wa kumsaidia mwamuzi, ikiwekwa Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, malalamiko kuhusu waamuzi yatakwisha. Mimi nakubali nusu tu. Mpira kuvuka mstari ni jambo la kupimika, na bao la Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani kwenye Kombe la Dunia mwaka 2010, lililokataliwa ilhali mpira ulishadunda ndani ya goli, lilichangia FIFA kulegeza msimamo wake wa kukataa teknolojia ya mstari wa goli. Lakini mpira ukimgusa beki mkononi ndani ya boksi, picha ya marudio, hata ikipunguzwa kasi, bado humwachia mwamuzi aamue kama mkono ulikuwa mahali pake pa kawaida. Tena kwa kamera chache, hata kuotea kungebishaniwa. Fedha hizo ningezielekeza kwanza kwenye mafunzo ya washika vibendera.