Uliza Tukujibu: Kamera ya jirani yaona mpaka uani

SWALI: Assalam aleikum mhariri. Niko Mkomani hapa Lamu mjini, jirani ameongeza ghorofa akafanya gesti ya watalii, si neno, ni riziki yake, lakini kaweka kamera ya CCTV pembeni mwa dari na ukiitizama imeinama moja kwa moja uani kwetu, penye kamba ya nguo na jiko, mabinti zangu siku hizi wavaa buibui kwenda kuanua nguo zao wenyewe. Nimemwambia, ati "hii ni ya wezi tu, mambo ya faragha ni ya wazungu." Je tuna haki au hatuna?
Mama Mabinti, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Haki mnayo, iko kwenye Katiba ya 2010 kifungu cha 31, yaani mwili wako, nyumba yako, mambo ya familia yako na mawasiliano yako havichezewi ovyo. Ya kamera ifuate kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, manake picha ya mtu nayo ni data yake. Hiyo sheria ina tundu moja, haimgusi mtu anayeshughulikia mambo ya nyumbani kwake tu, kwa hivyo ingekuwa nyumba ya kuishi mngevutana sana, lakini huyu ana gesti, na biashara ya kulaza wageni yatakiwa isajiliwe kwa Kamishna wa Data hata kama ni ndogo, asikwambie ana vyumba vitatu tu. Piga picha kamera ilivyoelekea, mwandikie (hata WhatsApp, muhimu ibaki) aigeuze itizame mlango wake, mpe muda, akikataa peleka malalamiko kwa Kamishna, sheria yataka yamalizwe ndani ya siku 90. Na asidhani ofisi ya Kamishna hulala, Septemba 2023 ilitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutia picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuridhia.

Hayo ya "mambo ya wazungu" yamenichekesha wallahi. Waliojenga Mkomani walipinda njia ya kutoka dakani (ile baraza ya mlangoni) kuingia ndani ili mpita njia asione kitu, wakaweka na wikio (chumba kinachounga nyumba mbili) juu ya vichochoro wanawake wavuke nyumba hadi nyumba bila kushuka chini. Mzungu gani aliwafunza? Mwambie akatizame daka lake.

SWALI: Mimi naona hii haki ya faragha imezidi. Tumeona magaidi walivyoua watu Mpeketoni 2014. Serikali ikitaka kusoma simu yangu isome, sina la kuficha, si bora iondolewe tuwe salama?
Bodaboda, Malindi

JIBU: Ndugu yangu, wasiwasi wako naujua, lakini haki hii haijazuia mtu kushikwa. Kifungu cha 24 cha Katiba chakubali ipunguzwe kwa sheria na kwa sababu ya maana, na wala haimo kwenye zile nne za kifungu cha 25 ambazo haziguswi kabisa. Polisi akiwa na shaka na mtu aende kwa hakimu aeleze, apewe kibali apekue. Ukiiondoa wewe utapekuliwa sawa na gaidi, na tena askari akikusimamisha stendi akachukua simu yako cha kwanza atakachosoma si siri za kigaidi, ni meseji za M-Pesa, ajue leo umelaza ngapi ndo akupangie bei.

Hata serikali yenyewe hukosea. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema usambazaji wa kadi za Huduma Namba, zile za kitambulisho, haukuwa halali manake hawakupima kwanza hatari kwa data za watu kama sheria ya 2019 inavyotaka. India nako katiba yao haikuitaja faragha kwa jina, serikali ikasimama kortini kusema si haki ya msingi, mpaka majaji tisa mwaka 2017 wakaamua kwa sauti moja kwamba ni haki. Sisi tumeandikiwa tayari halafu wewe wataka tufute! Kesho ukiombwa simu barabarani, uliza kwa adabu kibali kiko wapi.