Re: Shule zinafunguliwa, ada, sare, na sala za nyumbani haziendi, nyie wenzangu mnafanyaje?

Tumsifu Yesu Kristo dada. Umeuliza tunaishije imani na watoto Januari hii ambayo kila mtu anadai, shule inataka, jumuiya inataka, kwaya ya watoto inataka, jioni ukisema tusali rozari wote wameshalala kwenye kochi na mzee wa nyumba yuko bize na simu. Mimi nina watatu, wawili wanasoma shule ya msingi ya kutwa na mkubwa ndo anaripoti kidato cha kwanza bweni, kwa hiyo nakuelewa kabisa. Jibu langu ni punguza. Shika kile kidogo ambacho hata siku umechoka hoi kitafanyika, vingine viache kwanza.

Najua kuna watu watasema nalegeza dini. Sawa, ila angalieni Utoto Mtakatifu, hao watoto mnaowaona na skafu zao parokiani. Askofu Forbin-Janson wa Nancy kule Ufaransa alipoanzisha hilo shirika 1843 hakuwabebesha watoto likitabu la sala, aliwaomba Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali, basi. Na mpaka leo lipo. Sasa kama askofu aliridhika na Salamu Maria moja, mimi ni nani nimlazimishe mtoto wa darasa la pili matendo matano ya rozari saa tatu usiku anasinzia na homuweki hajamaliza? Misa ya Dominika haimo kwenye kupunguza lakini, hiyo ni amri ya Kanisa, tusichanganye.

Kwetu asubuhi hakuna ibada. Wanavaa, wanakunywa chai, kabla hawajatoka kuwahi daladala nawachora msalaba kwenye paji la uso, "Mungu akubariki, kasome", wanaondoka. Mama mkwe aliniuliza kwani we padri? Nikamwambia mama, Katekisimu namba 1669 inasema kila mbatizwa ameitwa kubariki, akanyamaza japo sidhani kama aliridhika. Huyu wa darasa la tano anaona aibu, hataki wenzake wanaomsubiri nje waone, kwa hiyo yeye namchorea jikoni.

Usiku ni Baba Yetu, Salamu Maria, halafu kila mmoja anataja mtu mmoja wa kumwombea. Hapo ndo unapata habari za shule ambazo ukiuliza "shule vipi" unajibiwa "poa": nani kachapwa, nani haji siku hizi kwa sababu viatu vimeisha. Rozari nzima tunajitahidi Mei na Oktoba.

Ile sarafu nayo tumeifanya hivi. Kuna kopo la Blue Band tunadumbukiza chenji mwaka mzima, Januari tukienda kununua madaftari tunanunua na ya mtoto mmoja zaidi ambaye kwao hawana uwezo, maana hapa Tanzania elimu bila ada ipo tangu 2016 ila daftari, sare na viatu ni mzazi. Tunakaa mkekani tunafunika yote kwa karatasi za kaki. Mwaka jana binti yangu alitaka aandike kwenye jalada "kutoka kwa" na jina lake, nikamwambia hapana, pale juu pabaki wazi mwenyewe ataandika jina lake. Tukampa mwenyekiti wa jumuiya ayafikishe, na picha za status hakuna, aisee hilo la kupiga picha na maskini linanikera sana.

Jumamosi hapa kwetu jumuiya inagongana na tuisheni. Mwenye mafundisho ya komunyo anaenda mafundisho, tuisheni itamkuta.

Mitihani nayo: sina ugomvi na kalamu kubarikiwa, baraka za vitu zipo, ila mtoto akianza kuamini kalamu ndo itajibu hesabu hapo tumeshamharibu. Tarehe 28 Januari ni Mt. Thoma wa Akwino, msimamizi wa wanafunzi, na yule mtu alisoma kweli kweli. Tarehe 31 ni Mt. Yohane Bosco aliyeshinda na vijana wa mtaani Turin. Wasimulie hao wawili, mwezi umeisha. Mkubwa wangu yeye kabandika kwenye tranka picha ya Carlo Acutis, yule kijana wa kompyuta aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 2025.

Kwa wanaopeleka bweni, mwekee rozari ya plastiki, ya thamani itaibiwa, mwambie aulizie TYCS, yaani chama cha wanafunzi Wakatoliki, wiki ya kwanza tu. Na akilala bweni moja na Muislamu anayeamka alfajiri kuswali, asinung'unike kuamshwa, naye aamke asali.

Mzee wako sasa. Usimseme mbele ya watoto, na usimpe kuongoza rozari atakimbia. Mpe huo msalaba wa asubuhi awe anachora yeye. Hakuna cha kukariri na hata simu anaweza kuwa ameishika mkono wa pili.