Kuweka kikomo kimoja cha CPU, RAM na diski kwa kundi zima la mashine pepe (KVM na libvirt)

Mkuu, nirudie swali lako kwa ufupi ili wanaopita waelewe. Una seva moja ya KVM (mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe) yenye nyuzi 32 za CPU na RAM ya GB 128, inatumiwa na idara tatu. Mashine pepe tano za majaribio, kila moja ikiwa na vCPU (CPU pepe) 4 na RAM ya GB 8, zikichachamaa zinawanyima wengine hewa. Uliziwekea kikomo mojamoja kwa `virsh schedinfo` (virsh ni amri ya libvirt, programu inayosimamia mashine hizo), sasa usiku ikibaki moja tu inafanya kazi, inabanwa ilhali seva imelala. Unataka tano zote zichote kwenye ndoo moja: kori 8 kwa jumla (yaani nyuzi 8 kati ya zile 32), zigawane zenyewe.

Ndoo hiyo kwenye Linux ni slice ya systemd (msimamizi wa huduma za mfumo), yaani kundi la michakato linalowekewa kikomo kimoja. Libvirt huweka kila mashine ndani ya `machine.slice`; wewe unatengeneza slice ndogo chini yake na kuzihamishia humo. Kwanza hakikisha uko kwenye cgroup (mfumo wa kerneli wa kugawa rasilimali kwa makundi) toleo la 2: `stat -fc %T /sys/fs/cgroup` ijibu `cgroup2fs`. Debian 11, Ubuntu 22.04, RHEL 9 na yaliyofuata yanakuja hivyo.

Faili `/etc/systemd/system/machine-majaribio.slice`:

```
[Unit]
Description=Mashine za majaribio

[Slice]
CPUQuota=800%
CPUQuotaPeriodSec=20ms
MemoryMax=46G
IOReadIOPSMax=/dev/nvme0n1 8000
IOWriteBandwidthMax=/dev/nvme0n1 200M
```

Kisha `systemctl daemon-reload`. Kwa kila mashine, `virsh edit`, na ndani ya `<domain>`:

```
<resource>
  <partition>/machine/majaribio</partition>
</resource>
```

Ukiwa humo, futa mistari ya kikomo cha zamani kwenye `<cputune>`. Kwenye toleo la 2 kerneli haikatai kikomo cha mtoto hata kikizidi cha mzazi, inafuata tu kilicho kidogo, kwa hiyo ukikisahau kitaendelea kukubana kimyakimya.

Halafu zima mashine kabisa kwa `virsh shutdown` na uiwashe kwa `virsh start`. Kuiwasha upya kutoka ndani ya mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) hakutoshi, kwa sababu mchakato wa QEMU, programu inayoiendesha mashine kwenye seva, unabaki uleule kwenye slice ileile ya zamani. Wala usihamishe PID (namba ya mchakato) kwa mkono: RAM iliyokwisha kutumika inabaki kwenye hesabu ya kundi la zamani, haimfuati mwenye nayo.

Mtego wa jina huu umewapotezea watu wengi muda. Kistari kwenye jina la slice kina maana ya ngazi. Ukiita kundi `idara-fedha`, libvirt inakigeuza kistari kuwa `\x2d` na kuiweka mashine kwenye `machine-idara\x2dfedha.slice`, wakati wewe umeandika faili la `machine-idara-fedha.slice`. Hakuna kosa litakaloonekana popote. Mashine itawaka vizuri tu, bila kikomo chochote. Tumia neno moja lisilo na kistari, na uthibitishe kwa `systemctl status machine-majaribio.slice`: lazima uzione scope zote tano (moja kwa kila mashine) chini yake.

Sasa CPU. `CPUQuota=800%` maana yake ni kori 8 kwa muda wote, lakini kerneli haihesabu hivyo. Inahesabu kwa vipindi, na kipindi cha kawaida ni milisekunde 100. Kundi linapewa milisekunde 800 za kazi kwa kila kipindi. Mashine zako tano zina vCPU 20. Zote zikipamba moto kwa pamoja, bajeti inaisha ndani ya milisekunde 40, halafu kundi zima linasimama milisekunde 60. Ukipiga ping unaona majibu yanarukaruka, hifadhidata inalalamika, na mtu anaanza kulaumu mtandao. Ndiyo sababu ya ile `20ms` hapo juu: bajeti inakuwa milisekunde 160, inaisha baada ya 8, na kusimama ni 12 tu. Kazi inayofanyika kwa sekunde ni ileile, ila mishtuko inapungua. Usishuke hadi 1 au 2, maana kerneli hugawa bajeti kwa vipande vya milisekunde 5. Kwa kipindi cha 2 utakuwa na vipande vitatu hivi vinavyogombewa na nyuzi 20, na wengine watamaliza kipindi kizima bila kitu. Tiba bora kuliko zote ni kupunguza vCPU. Mashine ya majaribio yenye vCPU 4 ndani ya ndoo hii mara nyingi inakwenda vizuri zaidi ikiwa na 2.

Kama huuzi nafasi wala hulipii leseni kwa kori, mimi ningeacha kabisa `CPUQuota` na kutumia `CPUWeight`. Kawaida ni 100. Ukiweka 50, kundi linabanwa pale tu wengine wanapohitaji CPU, na seva ikiwa tupu linajitanua. Ila uzito hulinganishwa kati ya ndugu wa ngazi moja tu. Mashine ya idara nyingine iliyoachwa moja kwa moja kwenye `machine.slice` inashindana na kundi zima kama mtu mmoja: ikiwa na 100 na kundi lina 100, mashine hiyo moja ina haki sawa na zako tano. Wape idara zote tatu slice zao, ndipo hesabu ikae sawa.

Kwenye RAM ndiko kwenye hatari. CPU ikifika kikomo, mashine inasubiri. RAM ikifika `MemoryMax` na hakuna cha kurudisha, kerneli inaua mchakato mmoja ndani ya kundi, na mchakato huo ni QEMU nzima, sawa na kuchomoa waya wa umeme. Kwa kawaida anayeuawa ni mwenye RAM nyingi zaidi, siyo aliyesababisha. Ukiongeza mashine ya sita ya GB 8 itawaka bila shida, kwa kuwa QEMU haichukui RAM yote siku ya kwanza; saa kadhaa baadaye inakufa nyingine kabisa. `virsh domstate --reason` itaonyesha `crashed`, na `journalctl -k` itakuwa na `CONSTRAINT_MEMCG`, alama ya kikomo cha RAM cha kundi.

Kwa hiyo 5 × 8 = 40, lakini usiandike 40G. QEMU yenyewe ina mahitaji yake nje ya RAM ya mgeni, na diski isiyo na `cache='none'` inapitia kashe ya mwenyeji (seva yenyewe) ambayo nayo inahesabiwa humo. Mimi nimeacha GB 6 za ziada, angalia `memory.current` (RAM ambayo kundi linatumia) kwa wiki moja kisha urekebishe. Jumla ya RAM idhibiti wewe mwenyewe unapounda mashine, `MemoryMax` iwe uzio wa mwisho tu. `MemoryHigh`, kikomo laini cha RAM, siipendi kwa mashine pepe: seva ikiwa haina swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM), haiui mtu, inamburuza tu mpaka ionekane imeganda. Na kama unatumia hugepages (kurasa kubwa za RAM), kwa mpangilio wa kawaida haziingii kwenye hesabu hii hata kidogo.

Diski: `group_name` ya `<iotune>` (kikomo cha diski kwenye maelezo ya mashine) haigawi kikomo kati ya mashine. Inagawa kati ya diski za mashine moja, kwa kuwa kila QEMU inajihesabia yenyewe. Kikomo cha slice ndicho cha kundi, ila kinafanya kazi kwenye diski ambayo kerneli ya mwenyeji inaiona. Picha (mafaili ya diski za mashine) zikiwa kwenye hifadhi ya mtandao, kama NFS au Ceph kupitia librbd, hakina athari.

Kupima: endesha `stress-ng --cpu 4` kwenye zote tano kwa wakati mmoja, na kwa mwenyeji fungua `systemd-cgtop`. Mstari wa kundi usimame karibu na 800. Kisha:

```
cat /sys/fs/cgroup/machine.slice/machine-majaribio.slice/cpu.stat
```

`nr_throttled` (vipindi vilivyobanwa) ikilingana karibu na `nr_periods` (vipindi vyote) siku za kazi za kawaida, ndoo ni ndogo. Ndani ya mgeni utaliona jambo hilohilo kwenye `top`, safu ya `st` (muda ambao mgeni alinyimwa CPU). Ukibadilisha kikomo kwa `systemctl set-property`, kumbuka thamani inaandikwa `/etc/systemd/system.control/` na inalishinda faili lako. Ukihariri faili na hakuna kinachobadilika, `systemctl cat` itakuonyesha mchawi.

Mtandao haumo kwenye slice. Ukitumia mtandao wa libvirt wa NAT au route, lipe kundi mtandao wake na uweke `<bandwidth>` kwenye mtandao wenyewe; kipimo ni kilobaiti kwa sekunde, siyo kilobiti, hivyo megabiti 100 ni takribani `average='12500'`. Kama mashine zimeungwa kwenye bridge (swichi pepe) yako mwenyewe, hapo ni kazi ya `tc`, amri ya Linux ya kudhibiti kasi ya mtandao.