Dada wa Kisasa, makofi ya bibi si kipimo cha masikio

Usisubiri mwanao afikishe mwaka ndipo apimwe masikio. Nimesoma uzi wako mara mbili na mwili umenisisimka. Mtoto ana miezi mitano, mashine ya pale alipozaliwa haikupata jibu masikio yote mawili, mkaambiwa mrudi, hamkurudi kwa kuwa bibi yake akipiga makofi nyuma yake anageuka. Bei ya shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, na suala la Kigogo na Kiswahili nyumbani nitayajibu siku nyingine, kwanza haya makofi.

Makofi ndiyo yaliyotuponza sisi, mpaka mtoto wetu akafika mwaka na nusu bila kupimwa. Mtoto wa miezi mitano hageukii sauti peke yake. Anaona kivuli cha mkono pembeni, anahisi upepo shingoni, anahisi mtikisiko wa mapaja aliyokalia. Na hata akisikia kweli, kofi ni kishindo. Anayesikia nusunusu atashtuka kwa kofi, kwa mlango wa bati, kwa honi ya bodaboda, na bado asizipate f, s, sh, p, k na t za mazungumzo ya kawaida. Kwake "fika", "pika" na "shika" ni kitu kimoja: i-a. Atajifunzaje kusema?

Wala usitulizwe na sauti anazotoa. Mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kuguna miezi ya mwanzo kama wenzake. Tofauti hujitokeza kwenye "ba-ba-ba" na "da-da-da", ambazo mtoto anayesikia huwa ameshazianza kufikia miezi kumi au kumi na moja. Ukingoja dalili hiyo, umeshapoteza nusu mwaka mwingine.

Aliyetuambia "atasema tu, wa kiume huchelewa" alikuwa na koti jeupe na hakugusa sikio la mtoto. Hilo bado linaniuma. Wavulana wapo wanaochelewa kusema, lakini hilo halifuti jibu la mashine.

Mpango unaofuatwa na wataalamu ni huu: kupimwa kabla ya mwezi 1, kujua tatizo kabla ya miezi 3, kuanza kusaidiwa kabla ya miezi 6. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, Colorado, Marekani, walionyesha kuwa watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa mbele kilugha kuliko waliogunduliwa baadaye, wawe hawasikii kabisa au wanasikia kidogo. Wako ana miezi mitano. Hesabu wiki, dada, siyo miezi.

Nenda kliniki ya masikio, pua na koo, uombe kipimo cha ABR, kinachoangalia kama sauti inafika kwenye ubongo, kile cha kubandika waya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Kile cha kijiti sikioni, OAE, hupima sikio la ndani tu. Mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo unaweza kuwa na hitilafu na mashine ikasema yuko sawa. Kama alipata manjano kali au alilazwa wodi ya watoto wachanga, wala usikubali OAE peke yake. Wakikuta maji nyuma ya ngoma ya sikio, yatibiwe, lakini waombe wapime pia kwa sauti inayopitishwa kwenye mfupa wa kichwa, maana maji yanaweza kuwa juu ya tatizo jingine.

ABR inataka mtoto alale fofofo. Umri huu analala mwenyewe. Akikua zaidi mara nyingi hulazimika kupewa dawa ya usingizi. Hapo ndipo wengi wanaharibu: mtoto analala kwenye daladala, anafika amechangamka, kipimo kinaahirishwa. Mchezeshe njia nzima asisinzie, mfikishe na njaa, umnyonyeshe palepale waya zikiwa zimeshabandikwa. Asubuhi hiyo asipakwe mafuta usoni wala kichwani, waya hazitashika.

Jumatatu beba kadi ya kliniki na ile karatasi ya mashine, hata kama imechakaa.